Niwe mkali ndipo niitwe kocha?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Muheza, nina miaka 31. Tangu Januari nimekabidhiwa timu ya vijana ya kata yetu, wengi wao wana miaka 16 hadi 19. Aliyenitangulia alikuwa mtu wa moto. Akipuliza filimbi, uwanja mzima unanyamaza. Aliwatukana vijana na mara nyingine aliwazaba vibao, lakini timu ilimaliza ligi ya wilaya katika nafasi za juu, na watu wanamkumbuka kwa hilo.

Mimi sina tabia hiyo. Nimelelewa na bibi katika nyumba isiyo na kelele, na hata darasani sipandishi sauti. Nilipoanza niliwaambia vijana kuwa timu ni yao. Nikawaachia hata kikosi cha kuanza wakipange wenyewe kwa kura siku moja kabla ya mechi. Mwanzoni walifurahi. Sasa wakubwa wanachaguana wao kwa wao na wadogo wamenuna. Mshambuliaji wetu tunayemtegemea anafika wenzake wakiwa wameshapasha misuli moto, siku nyingine hafiki kabisa, na mimi nanyamaza kwa sababu timu nyingine inamtaka na nikimgusa ataondoka.

Tumefungwa mechi nne mfululizo. Mwenyekiti aliniita akaniambia mbele ya kamati kuwa vijana wa siku hizi hawaendi bila fimbo, na kwamba mtu laini kama mimi akafundishe kwaya. Niliumia sana. Mechi iliyofuata, tulipofungwa bao la tatu, nilimtoa beki wetu wa kushoto, mtoto wa miaka 16, nikamfokea pale pembeni mwa uwanja mbele ya watu wote, baba yake akiwepo. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mwenyekiti alinipongeza. Mtoto hajaja mazoezini tangu siku ile, sasa ni wiki ya tatu.

Mjomba, kazi hii naipenda. Je, mtu mpole anaweza kuwa kocha? Au nijifunze ukali? Au niwaachie wenye uwezo?

Mwalimu wa Muheza

*

Marahaba, mpwa wangu.

Swali lako nitalifikia. Lakini barua yako ina jambo ambalo halifai kulala hata usiku mmoja zaidi, nalo ni huyo beki wa kushoto. Nenda kwao. Usimtume mchezaji mwenzake, usipige simu, usingoje mkutane njiani. Nenda jioni baba yake akiwa amerudi, piga hodi, keti watakapokuonyesha, kisha useme kwamba ulimvunjia mtoto wao heshima mbele ya watu na hakustahili. Ukishasema hivyo, nyamaza. Usianze kueleza jinsi alivyopitwa na winga, wala usimtaje mwenyekiti na kamati yake. Baba alikuwa pale uwanjani, alisikia kila neno, na alirudi nyumbani amebeba aibu isiyo yake. Hahitaji uchambuzi wa mechi.

Halafu uyarudie maneno hayohayo mbele ya timu. Hapa ndipo wengi hukwama. Wanadhani radhi ya sebuleni inatosha, na wanaogopa kwamba kocha akiomba radhi mbele ya vijana ataonekana hana nguvu. Lakini kosa ulilifanya hadharani, na wale waliolishuhudia bado wanalo vichwani. Siku ile wenzake walijifunza kwamba anayekosea pasi anaweza kudhalilishwa mbele ya mzazi wake. Nenda ukawatazame wanavyocheza sasa: nina hakika mabeki wako wanaubutua tu mpira mbele, kwa sababu anayeubutua hafokewi. Kijana wa miaka 16 anajua vizuri sana mtu mzima anapokosea, na anangoja aone mtu mzima huyo atafanya nini. Waonyeshe.

Usimwahidi kijana namba ili arudi. Mwambie nafasi yake mazoezini ipo, na kwamba atashindania namba kama wengine. Asiporudi, usimsumbue, utakuwa umetimiza wajibu wako.

Nimeanza na huyu kwa sababu kuna jambo kuhusu watoto na makocha ambalo limepimwa, tena kwa miaka mingi. Katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, Marekani, wanasaikolojia Ronald Smith na Frank Smoll waliwafuata makocha wa besiboli ya watoto viwanjani, wakaandika kila walichosema na kufanya, kisha wakawauliza watoto. Baadhi ya makocha waliwapa mafunzo mafupi: sifu juhudi, mtoto akikosea mpe moyo na umwonyeshe la kufanya, usimwaibishe. Katika utafiti wa timu yao uliochapishwa mwaka 1992, msimu uliofuata asilimia 5 tu ya watoto wa makocha waliopata mafunzo ndio walioacha mchezo. Kwa makocha wengine waliacha asilimia 26. Na timu za pande zote mbili zilikuwa zimeshinda mechi kwa kiwango kinachokaribiana. Hebu lirudie hilo la mwisho, maana mwenyekiti wako angelishangaa. Makocha wasiopata mafunzo hawakushinda zaidi. Walichofanya ni kupoteza mtoto mmoja katika kila wanne.

Sasa tuje kwenye swali lako.

Ukiwasikiliza watu wa kijiweni, makocha ni wa aina mbili tu: mkali anayeogopwa na mpole anayechezewa. Anayeutetea ukali hakosi kumtaja Alex Ferguson. Basi tumtazame Ferguson, maana mkali alikuwa kwelikweli. Alikaa Manchester United tangu Novemba 1986 hadi 2013, akachukua mataji 38, na 13 kati ya hayo ni ya ligi. Februari 2003, baada ya kufungwa na Arsenal katika Kombe la FA, alipiga teke kiatu kilichokuwa sakafuni kikamchana David Beckham juu ya jicho. Kabla ya msimu mpya kuanza, Beckham alikuwa ameshauzwa Real Madrid. Kisa hicho kinajulikana kila kona yenye televisheni.

Kuna kingine kisichosimuliwa sana. Januari 1995 Eric Cantona alimrukia shabiki kwa teke kwenye uwanja wa Crystal Palace. Alifungiwa kucheza hadi mwisho wa Septemba, na katikati ya adhabu hiyo akakata tamaa, akarudi Ufaransa akiwa hataki tena kusikia habari za Uingereza. Ferguson angeweza kumfokea, angeweza kumwachia aende zake. Alipanda ndege akamfuata Paris, wakala chakula pamoja, wakazungumza mpira mpaka Cantona akakubali kurudi. Msimu huo United walichukua ligi na Kombe la FA, na bao pekee la fainali dhidi ya Liverpool, Mei 1996, lilifungwa na Cantona.

Viwanja vyetu vimejaa watu wanaoiga kile kiatu. Safari ya Paris inaigwa na wachache mno. Na Ferguson mwenyewe, alipohojiwa kwa ajili ya jarida la biashara la Harvard, alieleza kwamba watu wengi hawaboreki kwa kukosolewa, na kwamba hakuna neno linalomjenga mchezaji kuliko kuambiwa amefanya vizuri. Ndiyo, ni yuleyule aliyewatetemesha mabilionea.

Kwa hiyo kilichompa nguvu ni nini? Naona ni kwamba alikuwa anawafahamu watu wake mmoja mmoja. Alijua nani akifokewa ataamka na nani akifokewa atavunjika. Tena wengi wa vijana waliofokewa walikuwa wamelelewa naye tangu wakiwa watoto; alishafika kwao, alishazungumza na wazazi wao, walijua anawapenda. Mtu anaweza kuvumilia ukali wa anayempenda. Wewe ulimfokea beki wako kwa sababu uliumizwa na kamati. Mtoto hakuona upendo wowote ndani ya sauti ile, kwa kuwa haukuwemo. Ilikuwa sauti ya mwenyekiti ikipita kinywani mwako.

Upande wa pili wapo watulivu, nao wameshinda mengi. Carlo Ancelotti, ambaye wachezaji wake humsifu kwa utulivu, ameshinda Ligi ya Mabingwa Ulaya mara tano akiwa kocha: 2003 na 2007 na Milan, kisha 2014, 2022 na 2024 na Real Madrid. Karibu na kwetu zaidi, kule Iten nchini Kenya, yupo Bruda Colm O'Connell, mmishonari kutoka Ireland aliyefika shule ya St Patrick's mwaka 1976 kufundisha jiografia. Hakuwahi kuwa mkimbiaji. Utamwona uwanjani amesimama kimya anatazama miguu ya vijana inavyokanyaga, halafu anasema maneno machache. Kijana mmoja aliyepita mikononi mwake ni David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa 1:40.91 katika fainali ya Olimpiki ya London tarehe 9 Agosti 2012 na kuvunja rekodi yake mwenyewe ya dunia.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni ndiyo, mtu mpole anaweza kuwa kocha. Usiukope ukali. Wachezaji wanamtambua upesi mtu aliyevaa tabia isiyo yake, na wakishamtambua hawamwamini hata anaposema kweli.

Lakini sitakuacha ufurahie jibu hilo, kwa sababu barua yako inaonyesha tatizo ambalo hukuliuliza. Unadhani timu inaanguka kwa kuwa wewe ni mpole. Mimi nimeisoma mara kadhaa na naona inaanguka kwa kuwa hakuna anayeamua. Kikosi wanapanga wao. Muda wa kuanza mazoezi anaupanga mshambuliaji. Namna ya kuzungumza na mtoto amekupangia mwenyekiti. Wewe mwenyewe umepanga nini?

Jambo hili liliwahi kuchunguzwa zamani. Mwaka 1939 Kurt Lewin na wenzake wawili, Ronald Lippitt na Ralph White, walichapisha matokeo ya uchunguzi walioufanya katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kwa vikundi vya wavulana wenye umri wa miaka kama 10 waliokuwa wakifanya kazi za mikono. Kiongozi mmoja aliamuru kila kitu. Mwingine alijadiliana nao, akawaelekeza na akabaki nao kazini. Wa tatu aliwaacha wafanye watakavyo. Chini ya mwamrishaji kazi ilikwenda, ila akitoka chumbani inadorora. Chini ya aliyeshirikiana nao kazi iliendelea hata alipokuwa hayupo. Na kwa yule wa tatu kazi ilikuwa kidogo, tena mbovu. Mpwa wangu, wewe unajiona uko pamoja na yule wa pili. Matendo yako ni ya yule wa tatu.

Chukua hiyo kura ya kikosi. Najua uliianzisha kwa nia njema, ukitaka vijana waione timu kuwa yao. Lakini umewatwisha mzigo wako. Kijana wa miaka 17 akimnyima rafiki yake kura, kesho yake wanakaa dawati moja. Akimpa kura asiyestahili, mdogo aliyejituma wiki nzima anaketi benchi bila hata mtu wa kumuuliza sababu, kwa kuwa kura haina uso. Mchezaji asiyepangwa ana haki ya kumwendea mwalimu, kumuuliza nimekosa nini, na kupewa jibu. Haki hiyo umewaondolea wote.

Kushirikisha wachezaji ni jambo zuri, na waliolifanya vizuri walijua mpaka wake. Graham Henry alichukua timu ya taifa ya raga ya New Zealand, All Blacks, mwaka 2004, akiwa kocha wa mtindo wa zamani anayesema yeye na wengine wanasikiliza. Akabadilika. Akaunda kundi la wachezaji viongozi, akawapa madaraka ya kusimamia nidhamu na maisha ya kambi. Nahodha wake, Tana Umaga, alimuuliza kama zile hotuba za kabla ya mechi zinawasaidia wachezaji au zinamsaidia yeye, naye akaziacha. Mwaka 2007 walitolewa na Ufaransa katika robo fainali ya Kombe la Dunia kwa pointi 20 kwa 18, nchi nzima ikanuna, lakini akabakizwa kazini, na mwaka 2011 wakachukua kombe kwa kuifunga Ufaransa hiyohiyo 8 kwa 7. Katika miaka yote hiyo waliopanga timu walikuwa makocha. Hilo halikupigiwa kura hata mara moja.

Kwa hiyo futa kura kesho. Waambie kuanzia sasa kikosi unapanga wewe, utakitangaza mwenyewe, na asiyepangwa anaweza kukuuliza baada ya mazoezi. Wape mengine yaliyo yao kweli. Wachague nahodha. Waamue adhabu ya anayesahau vifaa. Waulize jinsi wanavyotaka kukaba kona, maana wao ndio wanaoruka. Wakikupa wazo zuri lichukue, na useme mbele ya wote limetoka kwa nani.

Na mshambuliaji. Wazee wetu wanasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Unaogopa ataondoka, na kwa kuogopa huko umeshampoteza, kwa sababu hana mwalimu. Ana mtu anayemngoja. Wenzake nao wanaona. Beki wa miaka 16 alifokewa kwa kosa la dakika moja, naye anachelewa wiki nzima haambiwi neno. Hebu jiweke mahali pa beki huyo.

Emmanuel Amunike alipoichukua Taifa Stars mwaka 2018 alikutana na mtihani kama huu, ila mkubwa zaidi. Kabla ya mechi ya ugenini dhidi ya Uganda, Septemba mwaka huo, wachezaji kadhaa wa Simba walichelewa kuripoti kambini. Aliwaacha. Unaweza kukumbuka zogo lililozuka, maana wale walikuwa watu wanaotegemewa. Taifa Stars ikaenda Kampala bila wao ikatoka sare ya bila kufungana. Baadhi yao walirudishwa kikosini baadaye, na tarehe 24 Machi 2019 tuliifunga Uganda 3-0 pale Uwanja wa Taifa, tukaenda Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1980. Unaweza kubishana kama adhabu ilikuwa kubwa mno. Ninachokuomba ukione ni kwamba hakuna mchezaji aliyebaki akijiuliza kama muda wa kambi ni kitu cha kweli. Na kuacha mtu nje ya kikosi hakuhitaji sauti kubwa. Unaweza kufanya hivyo kwa sauti ya bibi yako.

Kule Kaptagat, nchini Kenya, katika kambi inayosimamiwa na kocha Patrick Sang, Eliud Kipchoge, bingwa wa Olimpiki wa marathoni mara mbili, aliishi miaka mingi akishika zamu ya usafi kama vijana wengine, vyoo vikiwemo. Sang mwenyewe ni mtu wa maneno machache. Lakini zamu ni zamu.

Mwite kijana wako peke yake kabla ya mazoezi. Mwulize kwanza kwa nini anachelewa, na umsikilize kwa dhati, kwa sababu hukuandika kama umewahi kumuuliza. Huenda anauza dukani kwa mjomba wake hadi saa kumi. Huenda anabeba machungwa. Kama ni hivyo, mpangie muda wake na uitangazie timu sababu, kwa idhini yake. Kama hana sababu, mweleze kwamba anayekosa nusu ya mazoezi ya wiki haanzi Jumamosi, na Jumamosi usimwanzishe. Akihama, amehama. Mtafungwa mechi moja au mbili. Wale wengine watakuwa wamepata mwalimu.

Jambo jingine linahusu maneno yako mazoezini, na hapa naomba ukae chini kidogo, kwa kuwa ndiko kwenye kazi yenyewe. John Wooden alifundisha mpira wa kikapu katika chuo cha UCLA, California, akachukua ubingwa wa vyuo vya Marekani mara 10 ndani ya misimu 12, kuanzia 1964 hadi 1975. Katika msimu wake wa mwisho, watafiti wawili, Roland Tharp na Ronald Gallimore, walikaa jukwaani mazoezi baada ya mazoezi wakihesabu kila alichosema. Walitarajia hotuba kali au sifa tele. Sifa hazikufikia asilimia 7 ya maneno yake. Karipio tupu nalo halikufikia asilimia 7. Robo tatu ya yote ilikuwa maelezo: fanya hivi, sukuma mpira hivi, simama hapa. Na alipomsahihisha mtu alikuwa na namna yake ya haraka: anaonyesha jinsi inavyofanywa, anaonyesha jinsi kijana alivyoifanya, kisha anaonyesha tena ile sahihi, basi, mazoezi yanaendelea. Sekunde chache tu. Mchezaji hana hata muda wa kuona aibu.

Wooden alianza kila msimu kwa kuwafundisha wachezaji wake kuvaa soksi. Alivuta soksi taratibu, akalainisha makunyanzi kisiginoni na kwenye vidole, kwa sababu kunyanzi huleta lengelenge, na mwenye lengelenge hafanyi mazoezi. Hao walikuwa miongoni mwa vijana bora wa mchezo huo nchini mwao. Nalipenda sana jambo hili. Ndani yake mna ukali, ukiutafuta: ukali wa kutokubali kitu kidogo kifanywe ovyo. Ukali wa namna hiyo wewe unao tayari, mpwa wangu. Mwalimu wa darasani anayesahihisha madaftari arobaini bila kuruka hata moja hawezi kusema hana.

Sasa jiulize, beki wako alipopitwa mara ya kwanza, kuna mtu aliyemwambia la kufanya? Asimame umbali gani kutoka kwa winga, mwili auelekeze wapi, amsukumie upande gani, nani amfunike nyuma? Kama hakuambiwa, hata ungemfokea mwaka mzima angepitwa tena kwa njia ileile. Mpe kijana mmoja wa akiba daftari, akae pembeni katika mazoezi mawili, aandike kila unachosema. Usiku ukisome. Ukiona "jitahidini", "changamkeni" na "mnacheza nini" vimejaa ukurasa, umejua pa kuanzia.

Sasa tuje kwa mwenyekiti. Pongezi alizokupa siku ile ziogope. Usishindane naye mbele ya kamati. Mwombe muonane wawili, umpe heshima yake, na umweleze unachobadilisha: kikosi unapanga wewe, muda ni mmoja kwa wote, mabeki wanafundishwa kukaba. Mwombe akupime mwisho wa mzunguko wa kwanza. Akirudia habari za fimbo, mwambie waziwazi kwamba mchezaji wako hatapigwa, si na wewe wala na mwingine yeyote. Kumpiga mtoto wa watu ni kosa, hata timu ikiwa kileleni. Hapo usilegeze hata kidogo, na uwe tayari kukabidhi filimbi kwa ajili ya hilo.

Wanaweza kukuondoa. Amunike, aliyewaacha nyota nje, aliachishwa kazi Julai 2019, baada ya kufungwa mechi zote tatu za Kombe hilo la Mataifa ya Afrika kule Misri. Claudio Ranieri, mzee mpole aliyewanunulia wachezaji wa Leicester piza kwa kutoruhusu bao, alichukua ubingwa wa Uingereza Mei 2016 na Februari 2017 akafukuzwa. Hakuna tabia inayomkinga kocha, kwa hiyo usiiuze yako kwa ajili ya kiti.

Mwisho, ukipata nafasi ya kozi ya leseni D ya CAF kupitia chama cha mkoa, iombe. Na tafuta msaidizi mwenye koo. Kocha Brian Clough na msaidizi wake Peter Taylor walichukua ubingwa wa Ulaya mara mbili na Nottingham Forest, 1979 na 1980, wakiwa watu wawili wenye karama tofauti kabisa, kila mmoja akijaza pengo la mwenzake. Pale Muheza hakosekani mchezaji mstaafu mwenye sauti ya kufika kona ya pili na anayependa vijana. Mpe kazi ya kuamsha mazoezi na kupanga mabeki wakati wa mechi. Mwekee masharti mawili kabla hajaanza: hatukani, na hagusi mtu. Akivunja lolote kati ya hayo, mwondoe siku hiyohiyo, kabla mazoezi hayajaisha.

Mjomba wako